Jean-Jacques Goldman: mtunzi aliyewapa wengine nyimbo zake bora (uzi mrefu, mwenye haraka apite)

Santuri Kuukuu
Wakuu salaam.

Kwenye ule uzi wa nyimbo za miaka ya tisini kuna mdau alishikilia kwamba Aïcha ya Khaled ni wimbo wa asili wa Oran, Algeria, uliotiwa vinanda tu. Sikutaka kuchafua uzi wa watu, nikaona nifungue wangu. Aïcha iliandikwa na Mfaransa, maneno na muziki. Khaled akaongeza ubeti wa Kiarabu, akaimwagia na lile koo lake, basi ikawa yake moja kwa moja. Aliyeiandika ndiye aliyemwandikia Céline Dion Pour que tu m'aimes encore. Ndiye aliyemtungia Johnny Hallyday, mwanaroki mkubwa wa Ufaransa, L'envie. Na yeye mwenyewe kwa miaka ishirini alikuwa akijaza kumbi Ufaransa nzima, kisha mwaka 2002 akamaliza ziara, akarudi nyumbani kwake, na hajatoa albamu nyingine mpaka leo.

Jean-Jacques Goldman. Kwetu sisi tuliosoma kwa Kiingereza jina hilo halisemi kitu. Walioko Bukavu, Lubumbashi, Bujumbura na Kigali watashangaa namtambulisha mtu wanayemjua tangu utoto, wanivumilie.

Hoja yangu naiweka mezani mapema: Goldman ni mtunzi kwanza, uimbaji unafuata. Kazi zake bora ni zile alizoziandika huku akisikia koo la mtu mwingine kichwani, hata kwenye albamu zenye jina lake mwenyewe. Wabishi jipangeni.

Alizaliwa Paris tarehe 11 Oktoba 1951. Baba yake alizaliwa Lublin, Poland, akahamia Ufaransa akiwa kijana, na wakati wa vita akapigana kwenye vikundi vya siri dhidi ya Wanazi. Mama alizaliwa Munich. Wote Wayahudi, wote wageni. Familia ilikuwa na duka la vifaa vya michezo Montrouge, mji uliopakana na Paris upande wa kusini. Mtoto alifundishwa fidla na piano, lakini kilichomteka ni kikundi cha gospeli cha kanisa la pale Montrouge, chini ya padri wa parokia. Mtoto wa Kiyahudi, nyumba ya watu wa mrengo wa kushoto, anaimba nyimbo za makanisa ya Weusi wa Marekani chini ya padri Mkatoliki. Hilo liwekeni akilini, litarudi.

Baadaye akaenda Lille kusoma biashara, akahitimu, akarudi kuuza viatu vya mpira dukani kwao.

Kuna kaka yake wa baba mmoja, Pierre Goldman, mwanaharakati aliyeandamwa na kesi kubwa za ujambazi na mauaji. Mwaka 1976 alifutiwa mashtaka ya mauaji, na mwezi Septemba 1979 akapigwa risasi mchana kweupe Paris. Jean-Jacques hajawahi kulifanya jambo hilo kuwa mtaji wa kuuzia nyimbo. Na mimi naliacha hapo.

Nikipata nafasi jioni naendelea na bendi.

Kanda Mbili
Nimekaa pale. Ila mkuu, "alijaza kumbi Ufaransa nzima" hata wababaishaji wanajaza. Subiri nione nondo.

Mama Zuu
Tiririka kaka. Mimi Aïcha nimeichezea mpaka kanda ikakatika, sikuwahi kufikiri ina mtunzi mwingine.

Mtu wa Lushi
Jambo bandugu. Siye huku Lubumbashi hizi nyimbo tumekulaka nazo. Ku masomo mwalimu wa Kifaransa alikuwa anatuandikiaka Comme toi ku tablo, tunakopi mu kaye, kiisha tunaimba klasi muzima. Ungojee ufike ku Comme toi, nitasema.

Santuri Kuukuu
Nimerudi.

Mwaka 1975 yumo kwenye bendi inaitwa Taï Phong. Waanzilishi ni ndugu wawili wenye asili ya Vietnam, muziki ni roki ile ya nyimbo ndefu zenye vipande vingi, lugha ni Kiingereza. Walipata kibao kimoja kilichotamba, Sister Jane, na sauti ya juu mnayoisikia pale ni ya Goldman. Wakatoa albamu tatu. Sasa sikilizeni kituko: bendi ikitaka kuzunguka na maonyesho, yeye hataki. Ana duka, ana mke, ana watoto. Ikabidi watafute mtu wa kushika nafasi yake jukwaani, wakampata kijana wa Wales anayepiga gitaa, Michael Jones. Kwa desturi za wanamuziki, mtu aliyekuja kuziba pengo lako ni adui. Hawa wawili wakawa marafiki na wamefanya kazi pamoja miongo kadhaa.

Katikati ya bendi alijaribu santuri ndogo kadhaa za peke yake kwa Kifaransa. Hazikwenda popote.

Mwaka 1981 ndipo mlango ukafunguka. Mchapishaji wa muziki Marc Lumbroso alisikia kanda zake za majaribio, akamtafutia mkataba na kampuni ya santuri ya Epic. Goldman akataka albamu ya kwanza iitwe Démodé, yaani iliyopitwa na wakati. Kampuni ikakataa, ikatoka bila jina. Ya pili, 1982, akataka iitwe Minoritaire, mtu wa upande wa wachache. Wakakataa tena, ikatoka bila jina tena! Hebu fikirieni mfanyabiashara aliyesomea biashara, anataka kuuza bidhaa ameibandika lebo ya "imepitwa na wakati". Mimi naona alikuwa anajua anachofanya, kampuni ndiyo haikumwelewa.

Wakati nao ulimpa mkono. Mwaka huohuo 1981 Mitterrand aliingia madarakani na Ufaransa ikaruhusu redio binafsi za FM. Ghafla kukawa na redio nyingi zenye njaa ya nyimbo, na wasikilizaji vijana. Il suffira d'un signe ikapita hapo. Mwaka uliofuata Quand la musique est bonne ikavunja kabisa milango. Kipindi cha Top 50 kinapoanza kwenye televisheni mwishoni mwa 1984, jamaa yuko tayari ndani ya nyumba.

Mtu wa Lushi, zamu yako. Comme toi imo kwenye hiyo albamu ya 1982.

Mtu wa Lushi
Asante mukubwa. Ile wimbo inaelezea mutoto mwanamuke, jina Sarah, hajafikisha miaka munane. Anavaa robe ya veluru, ana barafiki bake ku masomo, na anawaza siku moja ataolewa, pengine Varsovie, ni kusema Warsaw, ku Poland. Kiisha kiitikio kinamwambia mutoto mwengine mwenye kulala: alikuwa sawa na weye. Ni vile tu. Hakuna neno "vita", hakuna "Wanazi", hakuna "Myahudi". Siye batoto tulifikiri ni wimbo wa kulaza mutoto. Mwalimu alingoja tuimbe juma muzima, njo akatuuliza: kwa nini anasema "alikuwa"?

Santuri Kuukuu
Huyo mwalimu apewe maua yake. Inasemekana chanzo ni picha ya mtoto kwenye albamu ya picha za mama yake Goldman. Na mbinu yake yote imo humo: anakupa gauni, majina ya marafiki, ndoto ya ndoa, halafu anaondoka. Hakulizi kwa nguvu. Neno moja tu, Varsovie, ndilo linalokuambia uko wapi na ni lini.

Kanda Mbili
Sawa, maneno nimeelewa. Lakini nimeenda kuusikiliza leo mchana. Ile fidla nzuri, mengine ni makinanda ya miaka ya themanini yaliyochacha. Na jamaa anaimba kama amebanwa mlango. Waandishi wa Paris wenyewe walimponda, usifiche hilo mkuu.

Santuri Kuukuu
Sifichi, tena umenirahisishia kazi.

Walimponda haswa. Kwa magazeti ya Paris alikuwa muuzaji wa muziki laini kwa wasichana wa shule, sauti nyembamba, maneno ya kuchosha. Kichwa kimoja cha habari kilisema wazi kwamba Goldman ni hovyo kabisa. Wengine wangejibu kwa matusi, au kwa kulia redioni. Mwishoni mwa 1985, baada ya maonyesho yaliyojaa, alinunua nafasi ya tangazo kwenye magazeti ya Libération na France-Soir, kwa pesa yake, akachapisha humo maneno yote mabaya yaliyoandikwa juu yake. Chini yake akaweka shukrani fupi kwa watazamaji, kwa kuwa wamejionea na kuamua wenyewe. Basi.

Wapo wanaosema ni kiburi kilichovaa kanzu ya unyenyekevu. Kiburi kilikuwemo, hilo nalikubali. Ila ni kiburi chenye adabu.

Kuhusu vinanda, Kanda Mbili, hapo sikupingi sana. Albamu ya 1984, Positif, ina milio ambayo leo inachekesha. Lakini ndani yake yumo kijana wa Envole-moi, anayeishi kwenye maghorofa ya pembezoni mwa mji, anayemwomba mtu amfundishe atoke pale kwa vitabu. Miaka themanini watu wengi Ufaransa waliimba kuhusu maghorofa hayo. Wachache walimpa mkaaji wake hamu ya kusoma badala ya hasira peke yake.

Mwalimu wa Kwaya
Naingia kwa upande wa sauti maana ndiyo fani yangu. Kanda Mbili anasema jamaa amebanwa mlango, na mimi nasema anajibana makusudi. Nyimbo zake nyingi anaziweka juu kabisa ya uwezo wake, pale ambapo mwanaume akisogea hatua moja sauti inapasuka. Sikilizeni Pas toi. Angeishusha kidogo angeimba raha mustarehe, na wimbo ungekufa. Msikilizaji anasikia mtu anayefikia kitu kwa ncha za vidole.

Na anajua kupanga sauti. Hiyo gospeli ya parokiani aliyotutajia Santuri inasikika kwenye viitikio: sauti ya pili haifuati tu chini ya ya kwanza, ina njia yake.

Santuri Kuukuu
Asante mwalimu, sasa naingia moyoni mwa hoja.

Mwaka 1985 anatoa Je te donne pamoja na yule yule Michael Jones, mmoja Kifaransa mwingine Kiingereza. Ikakaa namba moja wiki kadhaa. Ni wimbo wa watu wawili wenye asili tofauti wanaopeana walichonacho, na ulitoka wakati chama cha Le Pen, cha mrengo mkali wa kulia kinachopinga wahamiaji, kimeanza kuvuna kura Ufaransa. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, aligundua silaha yake: sauti ya pili isiyofanana na yake.

Mwaka 1986 anapewa Johnny Hallyday. Johnny wakati ule ni jina kubwa lenye vumbi. Goldman anamwandikia nyimbo za albamu Gang: L'envie, Je te promets, Laura aliyoimbiwa binti yake Johnny. Sikilizeni L'envie halafu mjiulize kama Goldman angeweza kuiimba yeye. Asingeweza. Inahitaji mtu mwenye kifua cha kupasua ukuta, mtu aliyepata kila kitu na sasa anaomba arudishiwe njaa ya kutaka. Goldman hakuwa na kifua hicho wala maisha hayo. Alimchungulia Johnny, akamshonea nguo kwa vipimo vyake.

Halafu 1987, albamu mbili kwa pamoja, Entre gris clair et gris foncé. Humo mna Là-bas, na kwangu mimi huo ndio wimbo mkubwa kuliko yote. Alihitaji mwanamke wa kujibizana naye. Angeweza kumpigia simu nyota yeyote. Akachukuliwa Sirima, dada mwenye asili ya Sri Lanka kutoka Uingereza, aliyekuwa akiimba kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi Paris na kopo la sarafu mbele yake.

Mwanaume anataka kwenda kule. Kule kila kitu kipya, kule mtu anapata kwa jasho lake, huku kila kitu kimeshaamuliwa kutokana na tumbo ulilotokea. Mwanamke anajibu kwa sauti ya chini, bila kupiga kelele: usiende, kule kuna dhoruba na merikebu zinazama, baki nami. Hakuna anayeshinda. Wimbo haumwambii nani yuko sahihi.

Sirima aliuawa na mwenzi wake Desemba 1989, albamu yake ya kwanza ikiwa ndiyo kwanza imetoka. Goldman alipoendelea kuuimba jukwaani, wengi tunasikia zile beti za mwanamke kwa namna nyingine kabisa.

Binti Tanganyika
Nipo Brussels, asili yangu Uvira, nilikulia Bujumbura. Hii Là-bas naomba niiseme kidogo. Kwenye familia yetu hakuna sherehe inaisha bila mtu kuiweka. Wajomba wanaimba upande wa mwanaume, mama zetu wanaimba upande wa Sirima, na kila mtu mle ndani ameshakuwa mmoja kati ya hao wawili: ama aliondoka, ama aliachwa. Mama yangu akifika pale pa "usiende" anamwangalia baba kwa jicho fulani, watoto tunajificha nyuma ya kochi kwa kicheko.

Mtunzi mwenyewe hakuwahi kuondoka kwenda popote wakati anauandika. Baba yake ndiye aliyeondoka.

Santuri Kuukuu
Dada, hiyo ya mwisho ungeiweka juu kabisa ya uzi. Mtoto wa waliohama anaandika kuhusu kuhama, na anawapa haki sawa anayeondoka na anayebaki.

Tuendelee. Mwaka 1990 anafanya jambo ambalo meneja yeyote angelipigia kelele: akiwa kileleni, anaacha kutoa albamu kwa jina lake peke yake na kuwa theluthi moja ya kundi. Fredericks Goldman Jones. Jones mnamjua. Carole Fredericks alikuwa Mmarekani Mweusi kutoka Springfield, Massachusetts, dada wa mpiga bluzi Taj Mahal. Alifika Ufaransa mwaka 1979 na kwa miaka mingi akawa sauti ya nyuma ya watu wakubwa. Goldman akamtoa nyuma akamweka katikati. Kumbukeni ile gospeli ya Montrouge: sasa amepata mwenyewe wa muziki ule.

Wimbo wa kuchungulia kwa karibu ni Né en 17 à Leidenstadt. Leidenstadt ni mji wa kubuni, lakini ni wa Kijerumani. Swali ni hili: kama ningezaliwa huko mwaka 1917, nikakulia kwenye magofu ya vita, ningekuwa mtu mwema kuliko wale, au mbaya zaidi? Anayeuliza ni Myahudi ambaye baba yake aliwapiga Wanazi kwa risasi. Ubeti wa pili anachukua Jones: ningekulia kwenye bandari za Belfast, Ireland ya Kaskazini, ningekuwa na ubavu wa kuwasaliti wangu na kumpa mkono wa upande wa pili? Ubeti wa tatu anachukua Carole: ningezaliwa mzungu tajiri Johannesburg, ningesikia vilio vinavyoletwa na upepo?

Mwanamke Mweusi wa Marekani, mwaka 1990, Mandela ametoka gerezani mwaka huohuo, anajiweka kwenye viatu vya mzungu wa Johannesburg! Angempa Jones ubeti huo, wimbo ungebaki kuwa mzuri. Kwa kumpa Carole, kila mmoja anaulizwa swali linalomuuma yeye. Hii ndiyo maana nasema mtunzi kwanza.

Carole alifariki Juni 2001 Dakar, Senegal, alikokwenda kuimba. Moyo. Alikuwa na miaka 49.

Kanda Mbili
Huu wa Leidenstadt nimeukubali, sina neno. Lakini 1993 si ndiyo wale walibeba kwaya ya Jeshi Jekundu la Urusi? Hapo si kujitutumua?

Santuri Kuukuu
Albamu Rouge, ndiyo. Wimbo wenyewe wa Rouge una kwaya ya jeshi la nchi ambayo Umoja wake umeshavunjika, unaimba kuhusu ahadi ya ukomunisti iliyovunjika vilevile. Nakubali ni mzito kama kabati la mninga. Ila kwa mtoto wa nyumba ile, iliyoamini mambo yale, naona alikuwa anafanya matanga.

Sasa Céline. Mwaka 1994 Céline Dion tayari ni nyota wa nyimbo za Kiingereza. Goldman anajitolea kumwandikia albamu nzima ya Kifaransa. Anakuja na nyimbo zake, na mshiriki wake wa siku zote Erick Benzi kwenye upangaji, na maelekezo makubwa ni moja: imba kidogo. Punguza. Yule dada ana uwezo wa kuvunja vioo, na jamaa anamwambia vioo tuviache. D'eux ikatoka 1995 na ndiyo albamu ya Kifaransa iliyouzwa kuliko zote duniani, nakala milioni kumi hivi. Pour que tu m'aimes encore ilifika namba 7 Uingereza, nchi isiyo na mazoea ya kununua wimbo wa Kifaransa hata kwa dawa. Mle ndani kuna pia Je sais pas, aliyoiandika na mdogo wake Robert anayejificha nyuma ya jina J. Kapler. Jean-Jacques naye ana majina ya kujifichia: Il me dit que je suis belle ya mwimbaji Patricia Kaas imesainiwa Sam Brewski. Ni yeye.

Na 1996 ndiyo Aïcha. Muwekeni Khaled mahali pake: Mwarabu wa Oran anayeishi Ufaransa, Algeria inawaka kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe, mwaka mmoja tu umepita tangu mabomu ya Paris ya 1995. Kijana mwenye jina la Kiarabu anasimamishwa na polisi kila kona. Halafu Myahudi anampa wimbo ambao mwanaume anamwahidi mwanamke lulu, vito na dhahabu, na mwanamke anasema baki navyo, mimi nataka haki sawa na zako na heshima ya kila siku. Ukawa namba moja Ufaransa. Watoto wa Kifaransa wa kila rangi wakawa wanaimba jina Aïcha uwanjani shuleni.

Mama Zuu
Yaani mimi miaka yote najua ni wimbo wa kumbembeleza binti mzuri, kumbe binti ndiye anayempa mwanaume masharti. Nimeupenda mara mbili.

Mwalimu wa Kwaya
Na misaada je? Mwenzetu si ndiye wa ule wimbo wa Restos?

Santuri Kuukuu
Ndiye. Mwaka 1985 ulikuwa mwaka wa njaa ya Ethiopia, na wasanii wa Ufaransa walikusanyika kurekodi SOS Éthiopie kwa maneno ya mwimbaji Renaud. Goldman alikuwemo. Vuli ya mwaka huo mchekeshaji Coluche akaanzisha Restos du Cœur, migahawa ya kugawa chakula bure kwa maskini wa Ufaransa wakati wa baridi. Akamwendea Goldman: tunataka wimbo, na wewe ndiye unayejua kuandika vitu vya kuimbwa na kila mtu. Akauandika. Waliouimba ni pamoja na Yves Montand na mchezaji mpira Michel Platini, ambao kuimba kwa mmoja ni kazi na kwa mwingine ni ujasiri. Coluche akafa kwa ajali ya pikipiki Juni 1986. Goldman hakuacha: kuanzia 1989 maonyesho ya Les Enfoirés, kundi la wasanii wanaoimba kuichangia Restos, yakawa ya kila mwaka karibu, yeye ndiye mpishi mkuu mpaka 2016 alipoaga. Mwaka mmoja kabla, wimbo aliouandika wa vijana wakibishana na wazee ulimletea lawama nyingi, kwamba anawasimanga vijana. Mimi niliusikiliza, ulikuwa wa kawaida, wala haukustahili hasira zile wala sifa.

Kanda Mbili
Haya, na kustaafu? Mtu yuko juu anaacha, unatuambia ni unyenyekevu tena?

Santuri Kuukuu
Sisemi hivyo. Albamu ya mwisho, Chansons pour les pieds, ilitoka Novemba 2001. Kila wimbo umejengwa juu ya aina fulani ya dansi. Kwangu ni albamu ya mtu anayecheka, si ya mtu anayeaga, ingawa sio yote inanikaa. Lakini Tournent les violons imo humo: kijakazi Manon kwenye dansi la ngome, ofisa mmoja anapita anamwambia neno zuri, anasahau papo hapo, na yeye Manon analibeba maisha yake yote. Goldman alishakuwa yule ofisa kwa mamilioni ya watu na nadhani lilimtia hofu. Hiyo ni tafsiri yangu, msinibebeshe.

Ziara ya 2002 ikaisha. Alikuwa ameshaoa upya, akapata watoto wadogo, akaishi Marseille, baadaye London. Aliandika tena kwa ajili ya Céline mwaka 2003. Tangu 2013 amekuwa akiongoza tena na tena kura ya maoni ya mtu anayependwa zaidi na Wafaransa, na watu wanampigia kura mtu asiyeonekana kwenye televisheni. Machi 2020, corona ikiwa imefungia watu ndani, alitokea kwenye video fupi aliyojirekodi nyumbani. Alichukua wimbo wake wa 1987, Il changeait la vie, ule wa mshona viatu, mwalimu na mpiga saksafoni wanaofanya kazi zao kwa moyo bila hotuba, akaweka manesi na wengine waliokuwa kazini. Kisha kimya.

Binti Tanganyika
Ndugu zangu, ile video mama alituma kwenye kundi la familia mara tatu siku moja. Nesi ni dada yangu.

Mama Zuu
Kaka, mimi Kifaransa sijui hata salamu. Nianzie wapi?

Santuri Kuukuu
Dada, usianze na yeye. Anza na Aïcha tena, sasa unajua anayesema nini. Kisha L'envie ya Johnny, uisikilize kwa sauti kubwa. Kisha Je te donne, nusu yake ni Kiingereza utashika. Hapo ndipo uende Là-bas na Leidenstadt, ukiwa umeshazoea namna anavyogawa sauti. Comme toi mwombe Mtu wa Lushi akuimbie.

Mtu wa Lushi
Nitaimba, lakini mu vocal, na musicheke.

Kanda Mbili
Mimi vinanda bado ni vibaya na sirudi nyuma. Ila mkuu, ukimaliza huyu tufungulie wa Michel Berger na France Gall. Wale walikuwa na vinanda vya maana.

Santuri Kuukuu
Huo utausubiri. Na ujiandae, maana Babacar ya hao hao ni ya 1987, na vinanda vyake ni vile vile unavyovikataa hapa.